Uzi: Sheria na mpangilio wa mbio za magari ya umeme ya rimoti, kwa wanaotaka kuanza bila kugombana

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam kwenu.

Kuna kundi la vijana wa Dar es Salaam, 12 kwa hesabu ya juzi, ambao wamenunua magari ya umeme ya rimoti ya kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, na wamekuwa wakishindana kila Jumapili asubuhi kwenye uwanja wa kuegesha magari. Mmoja wao ni mpwa wangu, naye ameniambia kwamba Jumapili tatu mfululizo zimeisha kwa ugomvi, ya mwisho ikiwa ni juu ya betri. Mimi niko Uingereza, ni mwanachama wa klabu ya mbio hizi kwa mwaka wa tisa sasa, na kwa miaka minne nimekaa kwenye meza ya ukaguzi. Nimeona badala ya kumjibu yeye peke yake kwa simu, niandike hapa ili na wengine wenye nia hiyo wafaidike, na wenye uzoefu kunizidi wanikosoe.

Nianze na jambo ambalo ningependa mlishike kabla ya mengine yote: kanuni ambayo hamwezi kuipima kwa vifaa vilivyopo mezani kwenu isiandikwe kabisa. Klabu yetu iliwahi kuandika kwamba mota ya daraja la wanaoanza isiwe imefanyiwa mabadiliko yoyote, na kwa msimu mzima hatukuweza kumtia hatiani mtu hata mmoja wala kumsafisha hata mmoja aliyetuhumiwa, kwa sababu hakuna aliyejua namna ya kuthibitisha kwamba mota iliyofungwa kiwandani haijaguswa. Kilichobaki ni minong'ono, na wanachama wawili wazuri waliondoka kwa sababu ya minong'ono hiyo.

Meza yenu, kwa kuanzia, iwe na vitu vinne: mzani wa jikoni unaosoma gramu, mita ya umeme, rula na karatasi ya kuandikia. Kila kanuni ya kiufundi mtakayoitunga ijibiwe na kimojawapo cha vitu hivyo.

Betri

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo ugomvi wenu ulipoanzia.

Gari la 1/10 la siku hizi hutumia betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili. Volti yake ya kutajwa ni 7.4, lakini ikijazwa sawasawa kila seli hufika 4.2, kwa hiyo betri nzima husoma 8.40. Zipo pia betri za lipo zenye volti ya juu, ambazo seli yake hujazwa hadi 4.35, na mtu akiingia nazo bila wenzake kujua atakuwa na mwendo wa ziada mwanzoni mwa mbio ambao hakuna ufundi wa usukani utakaoufidia. Kanuni yenu iwe fupi: seli mbili, ganda gumu, na mita isisome zaidi ya 8.40 betri ikiwa mezani dakika chache kabla ya kuanza. Muamue pia kiasi gani mtasamehe kwa ajili ya kosa la mita, na mita iwe moja tu, ya klabu, siku nzima. Mita mbili za bei nafuu zikipima betri ileile zinaweza kutofautiana kwa sehemu mbili au tatu za mia, na hapo mmeanza tena.

Nakumbuka mzee mmoja wa klabu yetu, mtu mtaratibu asiyependa makuu, alileta betri yake mezani ikasoma 8.46. Alinitazama, akaitazama mita, akaniomba nipime tena. Ikasoma 8.46. Tulipoifuata chaja yake tukakuta imewekwa kwenye mpangilio wa betri za volti ya juu, na hakuwa amegundua kwa wiki kadhaa. Hakuwa mwizi hata kidogo, lakini aliondolewa kwenye raundi ile kama ambavyo angeondolewa mwizi. Kanuni inapima betri, haipimi nia.

Mambo mawili ya usalama yaandikwe hukohuko kwenye kanuni za betri. La kwanza, betri iliyovimba haiingii uwanjani wala haijazwi, hata mwenyewe akilia. La pili, betri hujazwa ndani ya mfuko usioshika moto, na mwenyewe akiwa karibu. Lipo inayoshika moto haizimiki kwa kupuliziwa. Muwe na ndoo ya mchanga.

Mchangiaji kutoka Kigamboni

Mkuu, nashukuru sana kwa maelezo haya, nami ni mmoja wa hao 12. Magari yetu mengi ni TT-02, modeli ya kampuni ya Tamiya ya Japani, yakiwa na mota ya brashi, ile ya silinda ya fedha iliyokuja ndani ya boksi. Watatu kati yetu wameweka mota zisizo na brashi. Je, tuwazuie, au tugawane madaraja? Na je, uzito tuupange vipi?

Mwanzisha uzi

Swali zuri, na jibu lake lina mtego.

Mota zisizo na brashi hutambulishwa kwa misokoto ya waya: 21.5, 17.5, 13.5 na kushuka chini, na kadiri misokoto inavyopungua ndivyo mota inavyozunguka kwa kasi zaidi. Huku kwetu madaraja ya chini hupangwa kwa misokoto, halafu kidhibiti mwendo, yaani kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, hulazimishwa kuwekwa kwenye hali ambayo hakiongezi chochote kwa ujanja wa kielektroniki, na taa yake ndogo hupepesa kuonyesha kwamba kiko katika hali hiyo. Mkaguzi anaiona taa kwa macho yake. Hiyo ndiyo aina ya kanuni ninayoipenda.

Mtego uko hapa. Daraja la mota zenye ukomo huanzishwa ili kupunguza gharama, kisha baada ya miaka michache ndilo huwa ghali kuliko yote. Kila mtu ana nguvu ileile kwenye karatasi, kwa hiyo anayetaka kushinda hununua mota nne za aina moja, anazipima, anaibakiza iliyo bora na kuziuza tatu, kisha anarudia zoezi hilo toleo jipya likitoka. Katika daraja la mota huria, zisizo na kikomo cha misokoto, hali ni kinyume chake: nguvu iliyopo ni nyingi kuliko tairi zinavyoweza kuishika, hivyo kununua nguvu zaidi hakumsaidii mtu. Nimewaona madereva wa daraja la huria wakitumia mota moja kwa misimu mitatu.

Kwa hiyo, kwa TT-02 zenu, bakini na mota ya silinda ya fedha kwa wote, na wale watatu wazirudishe mota zao za mwanzo au wakimbie peke yao kama daraja la pili wakifika wanne. Na kama mnaogopa kwamba kuna atakayechagua mota bora kati ya kumi, fanyeni kama inavyofanyika kwenye baadhi ya mashindano makubwa: mota ni mali ya klabu, ziko kwenye boksi, kila dereva anachovya mkono asubuhi na kuchukua moja, na jioni anairudisha. Mota hizo ni za bei nafuu kiasi kwamba mchango wa mara moja unatosha.

Badala ya kuipeleleza mota, dhibitini gia, kwa sababu meno yanahesabika. TT-02 ikitoka kwenye boksi ina gia ndogo ya meno 22 kwenye mota na gia kubwa ya meno 70, na ndani yake kuna uwiano usiobadilika wa 2.6. Gawanya 70 kwa 22, zidisha kwa 2.6, utapata 8.27, maana yake mota huzunguka mara 8.27 gurudumu likizunguka mara moja. Andikeni kwamba gia ni 22 na 70, basi. Anayetaka mwendo zaidi ataweka gia ndogo yenye meno mengi zaidi, na mtoto wa darasa la tatu anaweza kumkamata kwa kuhesabu.

Kuhusu uzito, vitabu vikubwa vina namba zake. Kitabu cha ROAR, chombo kinachosimamia mbio hizi Marekani, kwa mfano, kinataka gari la 1/10 la njia ya vumbi linaloendeshwa kwa magurudumu mawili lisipungue gramu 1,499, na la magurudumu manne lisipungue 1,588. Namba hizo hazikutungwa kwa ajili ya TT-02 kwenye lami, kwa hiyo msizinakili. Pimeni magari yote 12 yakiwa na betri ndani, mchukue lile zito kuliko yote, na uzito wa chini uwe pungufu kidogo ya hapo. Walio wepesi wabandike vile vizito vya kubalansi magurudumu vinavyopatikana kwa mafundi wa tairi.

Tairi iwe aina moja kwa wote, na kila seti iwekwe alama ya rangi asubuhi. Suala la tairi lingeweza kujaza uzi mwingine, lakini kwenu limekwisha hapo.

Mchangiaji kutoka Mbezi

Mimi sina tatizo na betri wala gia. Tatizo langu ni mpangilio. Sisi hukimbiza wanne wanne, wawili wa mwisho wanatoka, mpaka wabaki wawili wa fainali. Mimi hutoka nyumbani saa 12 asubuhi, naendesha dakika tano, mtu ananigonga kwenye kona ya kwanza, na siku yangu imekwisha. Huko kwenu mnafanyaje?

Mwanzisha uzi

Mkuu, mtoano wa namna hiyo unafaa pale wachezaji wakiwa wengi na uwanja ni mmoja na jua linazama. Kwa watu 12 ni kuwafukuza watu. Mpangilio unaotumika huku, na ambao kwa sura yake kubwa ndio wa mashindano ya Ulaya na ya dunia, una sehemu mbili: mchujo wa kukimbizana na saa, halafu fainali ambazo kila mtu anashiriki.

Katika mchujo, madereva wako uwanjani pamoja lakini hawashindani wao kwa wao. Wanaitwa mmoja mmoja kwa namba, kwa kupishana sekunde moja hivi, na saa ya kila gari huanza linapovuka mstari kwa mara ya kwanza. Baada ya dakika 5 kila mmoja humalizia mzunguko alioko, na matokeo huandikwa kwa mizunguko na muda. Chukulieni magari matatu: la kwanza mizunguko 18 kwa 5:02.4, la pili mizunguko 18 kwa 5:11.0, la tatu mizunguko 17 kwa 5:00.3. La tatu lilimaliza muda mapema kuliko yote, lakini ni la mwisho, kwa kuwa mzunguko mmoja zaidi unashinda sekunde zozote. Kwa vile hushindani na aliye mbele yako, hakuna sababu ya kubishania kona naye. Aliye nyuma akiwa na mwendo zaidi, unampisha mahali palipo wazi.

Sehemu hii peke yake itaondoa nusu ya ajali zenu.

Kisha zinakuja raundi kadhaa za mchujo, tuseme nne. Zamani ilitosha kuangalia nani ana muda bora kuliko wote katika raundi zote. Ubaya wake ulionekana kwenye viwanja vya nje: raundi ya kwanza lami kavu, ya pili mvua, na aliyeharibu ya kwanza hana tena namna ya kujikomboa. Ndiyo maana EFRA, chombo kinachosimamia mbio hizi Ulaya, kinatoa pointi kwa kila raundi peke yake: wa kwanza sifuri, wa pili 2, wa tatu 3, na kuendelea hivyo, na mwenye pointi chache ndiye yuko juu. Mvua ikinyesha, inawanyeshea wote wa raundi ile.

Sasa angalieni jinsi uamuzi mmoja mdogo unavyoweza kubadili mshindi. Gari jekundu limekuwa la kwanza mara mbili na la 12 mara mbili. Gari la bluu limekuwa la pili mara zote nne. Mkihesabu raundi mbili bora, jekundu lina 0 na bluu lina 4, hivyo jekundu liko mbele. Mkihesabu tatu bora, jekundu lina 12 na bluu lina 6. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyeongeza mwendo. Ni kalamu ya mwandika kanuni tu. Ushauri wangu ni mbili kati ya nne, kwa sababu kwa wanaoanza ajali nyingi hazina mwenyewe na si haki mtu azibebe zote. Lakini hata mkichagua tatu, jambo lisilosameheka ni kuchagua baada ya raundi ya pili.

Baada ya mchujo, wanne wa juu wanakwenda fainali A, wanne wanaofuata B, wa mwisho C. Kila fainali hukimbiwa mara tatu, na mbili bora ndizo huhesabiwa. Hapa magari hupangwa mstarini kwa nafasi na kuondoka pamoja kwa mlio mmoja, na sasa kushindana kwa kona kunaruhusiwa. Wewe mkuu wa Mbezi utakuwa umeendesha mara saba badala ya moja, na hata ukiwa wa C, utakuwa unapigana na watu wa kiwango chako.

Mchangiaji kutoka Mbezi

Nimeelewa, na ninakubali kwamba ni haki zaidi. Lakini ndugu na majirani wanaokuja kutazama hawataelewa kwa nini gari lililo mbele machoni pao limetangazwa la tatu. Na je, mshindi wa B asipande A?

Mwanzisha uzi

Umesema kweli kuhusu watazamaji, na si wewe wa kwanza kulalamika. Kule California kuna shindano la mwaliko la Reedy ambalo limejengwa juu ya wazo hilohilo: mabingwa walioalikwa hawapangwi kwa mchujo wa saa, bali hutoka mstarini pamoja raundi baada ya raundi, nafasi zao za kuanzia zikibadilishwa ili kila mmoja aonje mbele na aonje nyuma, na pointi hujumlishwa mwishoni. Anayetazama anaelewa kila kitu. Lakini wale ni madereva wanaoweza kupita kona wakiwa sentimita tano kutoka kwa mwenzao bila kugusana. Jaribuni baada ya mwaka mmoja.

Mshindi wa B kupanda A ni utaratibu wenye asili yake, na hupendwa sana kwenye fainali ndefu za magari ya mafuta. Hauendani na fainali za mara tatu, kwa sababu mtu apande baada ya ipi? Chagueni kimoja.

Dakika 5 nazo mtu ataziuliza, kwa hiyo nizieleze mapema. Katika miaka ya 1980, mashindano ya kwanza ya dunia ya magari ya umeme ya 1/10 ya njia ya vumbi yalipofanyika mwaka 1985 huko Del Mar, California, betri ilikuwa seli sita za 1.2, yaani volti 7.2, na ujazo wake ulikuwa kama 1,200 mAh (miliampea kwa saa, kipimo cha umeme unaobebwa na betri). Kuimaliza betri hiyo kwa dakika 5 ni kutumia wastani wa ampea 14.4, kwa hiyo dereva aliyekanyaga ovyo alisimama katikati ya njia huku wenzake wakipita. Leo betri ya 5,000 mAh haiko karibu na kuisha, lakini dakika 5 zimebaki, na mimi naziona zinafaa: mkosaji anasubiri muda mfupi kujaribu tena, na mota za brashi hazipikwi.

Mchangiaji kutoka Kigamboni

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtambo wa kuhesabu mizunguko ni ghali, na sisi hatuna. Tufanyeje, na nani ataokota magari yaliyopinduka?

Mwanzisha uzi

Huku kila gari hubeba transponda, kifaa kidogo kinachotuma ishara yenye namba yake, na chini ya zulia la uwanja kuna waya unaoisoma inapopita, kisha kompyuta inafanya mengine. Ninyi mnayo namba nzuri kuliko mtambo, nayo ni 12.

Gaweni makundi matatu ya wanne. Kundi la kwanza likiendesha, la pili linasimama kwenye kona kuinua magari, na la tatu linahesabu, kila mhesabuji akiwa na gari moja tu na simu yenye saa ya kubonyeza mizunguko. Anabonyeza gari lake likivuka mstari, haangalii jingine lolote, hata lingepaa. Dakika 5 zikiisha anabonyeza mara ya mwisho gari linapomalizia, na simu inamwonyesha mizunguko na muda. Kisha makundi yanapokezana. Kwenye fainali ni vivyo hivyo: A wakiendesha, B wako kwenye kona, C wanahesabu.

Hesabu ya muda ni hii: mbio dakika 5, kubadilishana dakika 4, makundi matatu ni dakika 27 kwa raundi. Raundi nne za mchujo ni dakika 108, tatu za fainali ni dakika 81. Mkianza saa 1 asubuhi kamili mtamaliza saa 4 na dakika 9, jua likiwa bado linavumilika na lami haijaanza kuyeyusha tairi.

Kazi ya kusimama kwenye kona iwe na adhabu kali kuliko kosa lolote la kuendesha. Asiyefika kwenye kona yake anafutiwa raundi yake bora, si ile mbaya. Mwinuaji huinua gari lililo karibu naye kwanza, hatazami ni la nani, hatengenezi kilichovunjika, na haingii njiani kabla ya kuangalia nyuma yake. Kilo moja na nusu ikija kwa kasi kwenye kifundo cha mguu haisahauliki. Mimi ninalo kovu.

Malalamiko yapokelewe kwa maandishi ndani ya dakika 10 baada ya matokeo kubandikwa, na yaamuliwe na watu watatu ambao hawakuwa kwenye kundi hilo. Anayelalamika juu ya betri au gia ya mwenzake, gari linapelekwa mezani palepale, na lake pia linapimwa.

Mpwa wangu, najua unasoma. Ile betri uliyonitumia picha imevimba. Usiipeleke Jumapili.